Himoglobini Iliyonasa Sukari

Mgonjwa wa kisukari wa Sosiot, kule Belgut katika kaunti ya Kericho, anaweza kurudi nyumbani na karatasi ya maabara iliyoandikwa HbA1c, asilimia 9.2, ilhali asubuhi hiyohiyo alitobolewa kidole na kimashine kikasoma milimoli 6.8 kwa lita, kiasi ambacho kwake si kibaya. Ataamini ipi? Zote mbili ni za kweli. Ila zinapima vitu viwili, na kwa kuwa kile cha maabara hakijapata jina zuri la Kiswahili, mgonjwa hubaki na herufi tu mkononi.

Kidole hupima glukosi inayoelea katika damu saa ile. HbA1c hupima glukosi iliyokwisha kujishikiza kwenye himoglobini, ile protini inayoipa seli nyekundu rangi yake na kubeba oksijeni. Seli za misuli na za mafuta husubiri insulini ndipo zipokee sukari kwa wingi. Seli nyekundu haisubiri. Sukari ikipanda katika damu, hupanda na ndani yake. Humo glukosi hujibandika kwenye ncha ya mnyororo wa himoglobini bila kusaidiwa na kimeng'enya chochote. Mwanzoni yaweza kubanduka, lakini kifungo kikishatulia hakifunguki tena mpaka seli ife. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi. Ndiyo sababu kipimo hiki hueleza hali ya miezi miwili mitatu iliyopita, na siku tatu za kujinyima kabla ya kliniki haziwezi kuificha.

Mtafiti Samuel Rahbar, akifanya kazi Tehran mwaka 1968, aliona himoglobini isiyo ya kawaida katika damu ya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa himoglobini hiyo hupungua mgonjwa akitibiwa vizuri. Shirika la Afya Duniani lilikubali kipimo hiki kitumike kutambua kisukari mwaka 2011, kuanzia asilimia 6.5.

Sasa jina. "Himoglobini iliyotiwa sukari" halifai: chai ndiyo hutiwa sukari, ikakorogwa, ikayeyuka, na hapa hakuna aliyetia wala kilichoyeyuka. "Iliyochanganyika na sukari" lina kosa hilohilo. "Iliyoganda sukari" lina hatari zaidi, maana damu kuganda ni jambo jingine kabisa, na mgonjwa akisikia hivyo atadhani ana bonge la damu kwenye mshipa. Mimi nachagua "himoglobini iliyonasa sukari". Kilichonasa hakichomoki kwa urahisi, na hiyo ndiyo kemia yenyewe.

Lipo pia jina la mkato, "kipimo cha miezi mitatu". Ni tamu kinywani na linaeleweka haraka, lakini linaahidi jambo ambalo si damu ya kila mtu iwezayo kulitimiza. Miezi mitatu inategemea seli kuishi umri wake. Zikifa mapema, sukari haipati muda wa kunasa, na asilimia hushuka wakati ugonjwa uko palepale. Mashamba ya chai ya Kericho yamevuta wafanyakazi kutoka Nyanza na Magharibi mwa Kenya, ambako vinasaba vya selimundu (sickle cell) ni vya kawaida. Mwenye ugonjwa wa selimundu seli zake huvunjika mapema sana, kwa hiyo kipimo hiki hakimfai. Hata aliyerithi kinasaba kimoja tu anaweza kusomeka chini kidogo kuliko sukari yake halisi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliona hivyo kwa Wamarekani Weusi. Malaria nayo, ambayo ilizuka kwa nguvu katika mashamba hayo miaka ya 1990 licha ya baridi ya nyanda za juu, huvunja seli nyekundu. Kuongezewa damu huingiza seli za mtu mwingine. Upungufu wa madini ya chuma, ambao ni wa kawaida kwa akina mama, huelekeza upande wa pili: asilimia huweza kupanda bila sukari kupanda.

Isitoshe, seli nyekundu yenyewe huumia. Ina upana wa mikromita 7 hadi 8, na kapilari nyingi ni nyembamba kuliko hapo, hivyo sharti ijikunje ipite. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu utando wake hukakamaa, nazo seli huelekea kushikamana zenyewe kwa zenyewe. Damu hupita kwa shida katika mishipa midogo, na hilo huchangia madhara ya macho, figo na miguu ambayo kila mwenye kisukari huyaogopa, ingawa kuta za mishipa zenyewe ndizo huharibika zaidi.

Basi ukipelekwa kupimwa himoglobini iliyonasa sukari, usikae kimya. Mwambie daktari au muuguzi kama una selimundu au kuna mwenye nayo katika ukoo wenu, kama wewe ni mjamzito, kama umeugua malaria au kuongezewa damu hivi karibuni, au kama uliwahi kuambiwa damu yako ni pungufu. Na kama asilimia na kimashine cha kidole havipatani mwezi baada ya mwezi, omba waeleze kwa nini.