Watoto Waliokataa Kuisalimu Bendera

Mwalimu awafundishaye watoto mambo ya serikali ya Marekani huanza na sehemu zake tatu: Bunge litungalo sheria, Rais azitekelezaye, na mahakama zizipimazo. Watoto huyakariri hayo upesi, na upesi huyasahau. Lakini iko habari moja ya kweli iwafundishayo uraia kuliko kukariri kote, maana ni habari ya watoto wenzao.

Mwaka 1892 Francis Bellamy, naye alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, alitunga maneno mafupi ya kuahidi uaminifu kwa bendera. Yakaenea mashuleni, hata mahali pengi ikawa amri kuyasema. Mwezi wa Oktoba 1935, katika mji mdogo wa Minersville, Pennsylvania, Lillian Gobitas na ndugu yake William, mtoto wa miaka 10, wakakataa. Walikuwa Mashahidi wa Yehova, nao waliamini ya kuwa kuisalimu bendera ni kuisujudia sanamu. Sisi hatukubaliani na mengi yafundishwayo na Mashahidi. Walakini ni nani aliyesoma habari za vijana watatu mbele ya sanamu ya Nebukadreza, asiweze kuwafahamu watoto hawa? Wakafukuzwa shuleni.

Baba yao akashtaki. Mahakama za chini zikampa haki, bali Mahakama Kuu, iliyo Washington, ikamnyima mwezi wa Juni 1940, majaji wanane kwa mmoja. Ulaya ilikuwa vitani, na Jaji Frankfurter aliandika kwamba umoja wa taifa ndio msingi wa usalama wake. Baada ya hukumu hiyo Mashahidi walipigwa mahali pengi, na nyumba yao ya ibada huko Kennebunk, Maine, ikatiwa moto. Hapa mwalimu na anyamaze kidogo, awaache watoto waulizane ni umoja gani huo.

Mwaka 1942 halmashauri ya elimu ya West Virginia ikatoa amri kama ile. Dada wawili, Gathie na Marie Barnett, wakakataa, kesi ikapanda tena. Tarehe 14 Juni 1943, ndiyo sikukuu ya bendera, na Marekani yenyewe sasa ikiwa vitani, Mahakama Kuu ikaitangua hukumu yake, sita kwa watatu. Majaji Black, Douglas na Murphy walikuwa wamegeuka. Na Stone, yule aliyesimama peke yake mwaka 1940, sasa ndiye Jaji Mkuu. Jaji Jackson akaandika kwamba hakuna mkubwa wa serikali awezaye kumwagiza raia la kuamini, wala kumlazimisha kulikiri kwa kinywa. Tena hakuwapa Mashahidi peke yao haki hiyo, bali kila mtoto, hata asiye na dini. Maneno ya bendera yangali yakisemwa katika shule nyingi za Marekani, lakini mtoto wa shule ya serikali hawezi kulazimishwa.

Majina ya jamaa zote mbili yalikosewa mahakamani, Gobitas yakawa Gobitis, Barnett yakawa Barnette, na ndivyo kesi hizo zitajwavyo hata leo. Naye Lillian, siku hukumu ya pili ilipotoka, alikuwa msichana wa miaka 19; darasa la Minersville lilikuwa limekwisha kumpita.