Beseni la mashapo la pwani ya Tanzania

Beseni la mashapo la pwani ya Tanzania ni eneo la mwambao lililodidimia na kujaa tabaka za mashapo. Jiji la Dar es Salaam limejengwa juu yake.

Beseni lilitokana na kupasuka kwa bara la kale la Gondwana. Katika kipindi cha Jura, Madagaska ilianza kujitenga na Afrika ya Mashariki. Ganda la dunia lilikonda, likazama kando ya nyufa, na bahari ikaingia. Mito ilileta mchanga na udongo kutoka bara, na uzito wake ulizidi kulididimiza beseni. Ndani ya mchanga wa kipindi cha Kretasia, chini ya udongo usiopitisha hewa, ilinaswa gesi asilia ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974. Tangu 2004 hufika Dar es Salaam kwa bomba.

Wakazi wa jiji huona tabaka za juu tu. Upande wa Kinondoni, mawe ya chokaa ya Wazo, yanayochimbwa kwa ajili ya saruji, yalijengwa na matumbawe baharini. Leo ni kilima. Temeke visima vingi huchota maji kutoka tabaka za mchanga zilizotenganishwa na udongo wa mfinyanzi. Karibu na ufuko, maji yakivutwa kupita kiasi, ya chumvi huingia mahali pake.