Siku Kumi na Mbili za Ottawa: Historia ya Majaribio Kabla ya Reli Kufunguliwa

Reli nyepesi, yaani njia ya treni za umeme zilizo fupi kuliko treni za masafa marefu na zinazobeba abiria wa mjini kwa vituo vya karibukaribu, haifunguliwi siku mafundi wanapomaliza kuijenga. Kati ya siku hiyo na siku abiria wa kwanza anapopanda huwapo kipindi cha majaribio, na hatua yake ya mwisho huitwa uendeshaji wa majaribio: treni huendeshwa kwa ratiba kamili tangu alfajiri hadi usiku zikiwa tupu, zikisimama kila kituo na kufungua milango pasipo mtu wa kuingia wala wa kushuka. Yaliyotokea katika hatua hiyo kwenye Njia ya Confederation mjini Ottawa, mji mkuu wa Kanada, yanajulikana kwa undani usio wa kawaida, kwa sababu baadaye yalichunguzwa hadharani na tume ya serikali ya jimbo la Ontario.

Ottawa haikuwa ngeni kwa treni za mjini, kwani tramu zake za umeme zilianza kazi mwaka 1891 na kuondolewa mwaka 1959, na kuanzia mwaka 1983 jiji hilo lilijenga barabara maalumu za mabasi, zinazofanana na zile ambazo wakazi wa Dar es Salaam wanazijua kwa jina la mwendokasi. Mabasi hayo yalipokuwa mengi kiasi cha kuziba mitaa ya katikati ya mji, baraza la jiji liliamua kuwa sehemu yenye msongamano ipite chini ya ardhi kwa treni. Mkataba uliotiwa saini mwaka 2013 na ubia wa makampuni uitwao Rideau Transit Group, wenye thamani ya takriban dola za Kanada bilioni 2.1, ulihusu njia ya kilomita 12.5 yenye vituo 13 na handaki la kilomita 2.5, na mkandarasi huyohuyo alipaswa kusanifu, kujenga, kuchangia fedha na kisha kuitunza njia kwa miaka 30.

Makabidhiano ya njia kwa jiji yalipangwa kufanyika Mei 2018. Hata hivyo, tarehe 8 Juni 2016, Mtaa wa Rideau ulititia ghafla juu ya handaki lililokuwa likichimbwa, bomba kuu la maji likapasuka, na gari moja lililokuwa limeegeshwa kando likazama ndani ya shimo. Hakuna aliyeumia, lakini miezi iliyopotea hapo haikurudi tena. Tarehe ya makabidhiano ilisogezwa hadi Novemba 2018, kisha Machi 2019, kisha Juni 2019, na kila mara umma ulielezwa kwamba safari hii ahadi itatimia.

Umma uliona tarehe zikipita, lakini hasara kubwa zaidi haikuonekana kwa macho. Treni za aina ya Citadis Spirit zilikuwa mpya katika Amerika ya Kaskazini, mfumo wa kompyuta unaoziongoza ulitoka kwa kampuni nyingine, na viwili hivyo vilihitaji muda mrefu wa kuzoeshwa pamoja kwenye njia nzima. Njia nzima haikupatikana mpaka handaki lilipokamilika, na hivyo ucheleweshaji wa ujenzi ulilipwa kwa kupunguza muda wa majaribio.

Uendeshaji wa majaribio ulianza tarehe 29 Julai 2019. Ulipaswa kuwa wa siku 12, na kila siku ilipimwa kwa uwiano wa kilomita, yaani kilomita zilizotembezwa kweli na treni zote zikilinganishwa na zile ambazo ratiba ilidai. Siku ilihesabiwa kuwa imefaulu, au irudiwe, au hesabu nzima ianze upya. Kigezo cha awali kilikuwa asilimia 98. Siku za mwanzo zilikwenda vibaya, na katikati ya mwezi Agosti kigezo kilishushwa hadi asilimia 96, ambayo ingetosha ikifikiwa katika siku 9 kati ya 12. Ni kweli kwamba kiwango hicho cha chini kilikuwa kimeandikwa katika waraka wa mwaka 2017. Tofauti ya 98 na 96 huonekana ndogo, lakini upungufu unaoruhusiwa huwa umeongezwa maradufu, kutoka sehemu mbili katika mia hadi nne, na jambo zito zaidi ni kwamba mabadiliko hayo yalifanywa mtihani ukiwa unaendelea, bila madiwani waliochaguliwa na wananchi kuambiwa. Majaribio yalimalizika tarehe 22 Agosti, na ikatangazwa kwamba njia imefaulu.

Abiria walianza kupanda tarehe 14 Septemba 2019. Kwa takriban majuma matatu mabasi ya zamani yaliendelea kwenda sambamba na treni, kisha yakaondolewa tarehe 6 Oktoba, na siku chache baadaye mlango mmoja ulitosha kuonyesha kile ambacho treni tupu haziwezi kufichua. Abiria aliyechelewa aliuzuia mlango kwa mkono, kama ilivyo desturi ya watu wenye haraka kila mahali. Kompyuta ikasoma kwamba mlango una hitilafu, treni ikagoma kuondoka, treni zilizo nyuma yake zikasimama, na majukwaa yakajaa watu mpaka wengine wakashindwa kushuka ngazi. Baridi ya mwaka uliofuata ilileta magurudumu yaliyopata ubapa na nyaya za umeme zilizokatika. Tarehe 8 Agosti 2021 treni iliacha reli baada ya ekseli yake kukatika, na tarehe 19 Septemba nyingine ikaacha reli ikiwa na abiria, kwa sababu bolti za giaboksi hazikuwa zimekazwa ipasavyo. Njia ilifungwa kwa siku 54.

Tume iliyoongozwa na William Hourigan, jaji wa Mahakama ya Rufani ya Ontario, ilitoa ripoti yake tarehe 30 Novemba 2022 ikiwa na mapendekezo 103. Ilibaini kwamba vigezo vilibadilishwa ili mkandarasi aweze kufaulu, kwamba mkurugenzi wa jiji aliwaficha madiwani taarifa hizo kwa makusudi, na kwamba njia ilipaswa kufunguliwa hatua kwa hatua. Hukumu hiyo ni ya haki: kucheleweshwa kwa miezi 16 kuliudhi watu, lakini kuharakishwa kwa majuma ya mwisho ndiko kulikowaumiza.

Upanuzi wa njia nyingine ya Ottawa, ya kaskazini hadi kusini, nao ulichelewa kwa zaidi ya miaka miwili. Njia hiyo ilipofunguliwa tena tarehe 6 Januari 2025, treni zake zilianza kwa kubeba abiria siku tano tu za juma, zikaongezewa Jumamosi baadaye, na Jumapili ikaja mwisho.