Setilaiti Iliyoitwa Uhuru na Ngurumo za Mbali



Anga la usiku wa kiangazi juu ya Kasulu na Kibondo huonekana tulivu kabisa. Nyota huchomoza na kutua kwa utaratibu ule ule walioujua wazee wetu wa Heru na Muhambwe. Lakini historia ya miaka mia moja iliyopita imetufundisha kwamba utulivu huo watokana na umbali. Nyuma ya nyota tunazoziona kwa macho kuna migongano mikubwa kuliko yote ambayo mwanadamu amepata kuijua, na sura moja muhimu ya historia hiyo iliandikwa katika pwani ya Afrika Mashariki, kwa jina la Kiswahili. Juma hili twapenda kuisimulia.

Tuanze na mwaka 1912. Tarehe 7 Agosti, Victor Hess, Mkatoliki wa Austria, alipanda angani kwa puto hadi mita zaidi ya 5,000 akiwa na vyombo vya kupimia mionzi. Wengi walidhani kwamba mionzi yatoka ardhini, hivyo ingepungua kadiri mtu apandavyo. Hess aliona kinyume chake: kule juu iliongezeka. Basi ilitoka mbinguni. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936, na mwaka 1938, akiukimbia utawala wa Wanazi kwa kuwa mke wake alikuwa na asili ya Kiyahudi, akapokewa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Fordham cha Wayesuiti mjini New York. Aliacha swali zito: ni kitu gani huzisukuma chembe hizo ndogo hata zikaribie kasi ya nuru?

Jibu moja limepatikana katika vishada vya galaksi. Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota. Ule ukanda mweupe tuuonao usiku ni galaksi yetu wenyewe ikitazamwa kutoka ndani. Galaksi nazo hukusanyika kwa nguvu ya uvutano na kufanya kishada. Kishada kiitwacho Coma kina galaksi zaidi ya 1,000, na nuru yake husafiri miaka zaidi ya milioni 300 ndipo itufikie. Mwaka 1959 wanaastronomia wa Uingereza waliripoti mawimbi ya redio yaliyotapakaa katika kishada hicho. Mawimbi ya namna hiyo hutolewa na elektroni zenye kasi kubwa mno zikizunguka katika usumaku. Ni nani aliyezirusha?

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia. Hewa ya dunia huzuia mionzi ya eksirei itokayo angani, kwa hiyo mwenye kutaka kuiona hana budi kupeleka chombo juu ya hewa. Waitaliano, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio, walikuwa wamejenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, mahali pafaapo kwa kuwa ni jirani ya ikweta. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa hilo. Bibi Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi, aliipa jina la Uhuru kwa kuwashukuru wenyeji. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Uhuru ilionyesha kwamba vishada vyang'aa kwa eksirei katika eneo lote lililo kati ya galaksi. Mwaka 1974 setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, ilirushwa kutoka jukwaa lilo hilo, na mwaka 1976 ikatoa ushahidi: katika kishada cha Perseus ilionekana alama ya chuma kilichomo ndani ya gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi hiyo, isiyoonekana kwa macho, yazidi kwa uzito nyota zote za kishada.

Penye gesi paweza kuwa na wimbi la mshtuko. Radi inapopiga Kibondo wakati wa mvua, hewa hupashwa moto ghafula na kupanuka kwa kasi kuliko sauti, ikiigonga hewa ya jirani kabla haijapata kupisha. Hilo ndilo wimbi la mshtuko, nalo likipungua nguvu twalisikia kama ngurumo. Vishada viwili vinapogongana kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde, gesi zao hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2002 darubini ya Chandra ilionyesha wimbi la namna hiyo, likienda takribani mara 3 ya kasi ya sauti katika gesi yake.

Wimbi hilo huirushaje chembe? Mwaka 1949 Enrico Fermi alipendekeza kwamba mawingu yenye usumaku huzipiga chembe na kuziongezea nguvu, na mnamo 1977 na 1978 makundi manne ya wataalamu, kila moja kwa njia yake, yalieleza jinsi jambo hilo linavyotendeka kwenye mawimbi ya mshtuko. Tufikirie mpira unaodunda kati ya kuta mbili zinazosogeleana: kila mdundo huuongezea kasi kidogo. Chembe nayo huvuka wimbi, hurudishwa na usumaku, huvuka tena, mara nyingi mno. Hakuna pigo moja lililo kubwa. Wingi wa mapigo madogo ndio uifikishao karibu na kasi ya nuru. Mwaka 2010 ulitangazwa utepe wa mawimbi ya redio wenye urefu wa miaka ya nuru zaidi ya milioni 6, ukingoni mwa vishada vilivyogongana: alama ya elektroni zilizosukumwa hivyo.

Wapendwa, katika historia hii sisi tulikuwa wenyeji. Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu, lakini roketi, vyombo na takwimu vilikuwa vya wageni. Leo darubini ya MeerKAT yenye masahani 64, iliyozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2018, yatazama mawimbi hayo hayo. Nchi 8 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, zilijiunga na Afrika Kusini katika mradi mkubwa zaidi wa SKA, Tanzania haikuwamo.

Kwa hiyo tunawasihi wazazi na walimu wa nyanda hizi: mtoto anayeuliza juu ya nyota asinyamazishwe, na binti anayependa fizikia asiambiwe kwamba somo hilo si lake. Elimu nayo hukua kwa misukumo midogo iliyorudiwa mara nyingi: kitabu kimoja, jibu moja la subira, karo iliyolipwa kwa wakati. Tukifanya hivyo, siku nyingine jina la Kiswahili litakapoandikwa angani, huenda waliolichagua wakawa watoto wetu wenyewe.

Tunawatakieni Dominika njema.