Wasifu wa Vinasaba: Ukoo wa Uvimbe na Ukoo wa Mgonjwa

Wasifu wa vinasaba ni taarifa ya maabara inayoeleza ni jeni zipi zimeharibika ndani ya saratani, na zimeharibikaje. Mzee mwenye saratani ya tezi dume kwa kawaida hahitaji taarifa hiyo siku ya kwanza. Umuhimu wake huja ugonjwa unapokuwa sugu.

Mwaka 1941 Charles Huggins, huko Chicago, alionyesha kwamba saratani hii huishi kwa kutegemea testosteroni, homoni ya kiume. Ukiiondoa kwa kutoa korodani, uvimbe hunywea na maumivu ya mifupa hupungua. Hadi leo msingi wa tiba ya ugonjwa uliosambaa ni huohuo, kwa kisu au kwa sindano. Lakini baada ya miezi au miaka, kwa wagonjwa wengi kipimo cha damu cha PSA, protini ya tezi dume, huanza kupanda tena ilhali testosteroni ingali chini kabisa. Hapo ndipo wasifu hufichua hila za uvimbe. Saratani nyingine hujizidishia nakala za jeni ya kipokezi cha homoni, hata testosteroni kidogo sana ikatosha kuzilisha. Nyingine hupoteza jeni za TP53 na RB1, ambazo kwa kawaida huzuia saratani, zikabadili tabia na kuacha kuitegemea homoni. Hizo ndizo za kuogopwa zaidi, kwa kuwa zinaweza kusambaa huku PSA imetulia, na daktari anayetazama kipimo hicho peke yake akadhani mambo ni shwari.

Sasa neno lenyewe. Vinasaba hutokana na nasaba, yaani ukoo, na hapa Mangina, mashariki mwa Kongo, maana hiyo imewahi kuonekana waziwazi. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulijulikana kwanza hapa, katika eneo la afya la Mabalako. Mwishoni mwa 2019 mtu aliyeugua mwezi Juni akapona, aliugua tena. Je, aliambukizwa upya? Wataalamu wa INRB, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoongozwa wakati huo na Profesa Jean-Jacques Muyembe, walisoma jenomu ya kirusi wakakuta ni uzao wa kirusi chake mwenyewe cha Juni. Kutoka kwake ulifuatiliwa mnyororo wa wagonjwa 91. Huo ulikuwa ukoo kamili, wa mzazi na wana.

Kwenye saratani neno hilohilo hufaa nusu tu. Makosa mengi yanayosomwa kwenye uvimbe wa tezi dume hayakutoka kwa baba wala mama. Yamezuka ndani ya tezi yenyewe, aghalabu uzeeni, na hayarithiwi na mtoto yeyote. Lakini ukitamka ukoo mbele ya familia, swali la kwanza ni upande wa nani. Mzee huweza kuondoka hospitalini akiamini amewaachia wanawe laana.

Mara nyingine, hata hivyo, hofu hiyo ina msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa wanaume 692 wa Marekani na Uingereza ambao saratani yao ilikuwa imesambaa, ulikuta karibu 12 katika kila 100 wamerithi hitilafu kwenye jeni za kukarabati DNA, hasa BRCA2. Mwenye hitilafu hiyo huweza kufaidika na olaparibu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa saratani ya tezi dume iliyokuwa sugu. Kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na kwa binti hatari iko kwenye matiti na ovari.

Ndiyo maana napendelea majina mawili: wasifu wa vinasaba vya uvimbe, na vinasaba vya kurithi. Ni marefu, lakini yanazuia kilio kisicho na sababu. Tena yanaelekeza kwenye vipimo viwili tofauti. Kimoja husoma kipande cha nyama ya uvimbe, au mabaki yake yanayoelea kwenye damu. Kingine husoma damu au mate ya mgonjwa kutafuta alichozaliwa nacho. BRCA2 ikionekana mbovu kwenye uvimbe, watoto hawaitwi bado. Kwanza hufanywa hicho cha pili.