Kabla ya Kuitwa Wellington

Ukikaa barazani Kengeleni, upande wa Kisauni wa Mombasa, na mazungumzo yakageukia asili, haitachukua muda kabla ya mtu kusema kwamba babu wa babu yake aliibeba maiti ya Livingstone. Dai hilo nimelisikia kwa koo nyingi za Frere Town, makazi yaliyoanzishwa hapo kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kila mara linasemwa kwa heshima, kama amana iliyopokewa kwa wazee. Sina nia ya kumvunjia mtu amana yake. Lakini hesabu inalikataa dai hilo, na wanaoling'ang'ania wanampita babu mkubwa zaidi bila kumwona.

Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873. Watu wake walizika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakausafirisha hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Royal Geographical Society ya London ilichonga nishani 60 za fedha kwa ajili ya msafara huo. Wengi katika msafara walikuwa wapagazi wa Unguja na Mrima, watu ambao hawakuhusika na Frere Town hata kidogo. Waliotoka shule ya misheni ya Nasik, huko India, walikuwa vijana sita waliopelekwa mwaka 1872: Jacob na John Wainwright, Richard na Benjamin Rutton, Carus Farrar na Matthew Wellington. Waongeze wachache waliosalia wa kundi la vijana tisa lililoanza safari na Livingstone mwaka 1866. Hapo orodha imekwisha. Jacob Wainwright, aliyeufuata mwili huo hadi Westminster Abbey, alifia Urambo mwaka 1892. Watu wachache namna hiyo hawawezi kuwa mababu wa mtaa mzima.

Kwa nini basi dai hilo limeenea hivyo? Naamini ni kwa sababu Livingstone alikuwa mlango mmoja ambao mtumwa aliyekombolewa aliweza kupita akaandikwa kwa jina. Katika hesabu za manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi ya watumwa, mateka ni tarakimu: jahazi fulani, wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, watoto kadhaa. Ukoo usio na karatasi ulipoona kwamba msafara mmoja una majina, ulijisogeza karibu nao.

Matthew Wellington ndiye aliyeishi muda mrefu kuliko wenzake. Aliweka makazi Frere Town, akafanya kazi Mombasa, akafariki mwaka 1935. Miaka michache kabla ya kifo chake, W. J. Rampley aliandika kijitabu kumhusu, na Waingereza wakakisoma kwa ajili ya Livingstone tu. Mimi nakisoma kwa ajili ya kitu kingine: mzee huyo alisema kwamba kwao hakuitwa Wellington. Alikuwa Myao, na jina lake lilikuwa Chengwimbe. Aliuzwa akiwa mtoto, akapelekwa Kilwa, akapakiwa jahazini, manowari ikalikamata, na mwisho wa safari akajikuta Bombay. Kama asingeulizwa uzeeni, au kama angekuwa amesahau, jina Chengwimbe lingepotea kama yalivyopotea ya mamia ya wengine. Shuleni Nasik watoto walibatizwa majina ya wamisionari, ya wafadhili, ya watu wa Uingereza ambao hawakuwahi kuwaona. Mtafiti wa nasaba anayefika kwenye jina kama Farrar au Jones akadhani amemfikia mwasisi wa ukoo, amefika ukutani. Babu yuko upande wa pili.

Vitabu vya historia ya Kanisa vinatusaidia kidogo sana hapa. Vinaanza na mmisionari Krapf kufika Mombasa mwaka 1844, vinamweka mwenzake Rebmann pale Rabai, kisha vinaruka hadi Sir Bartle Frere, mkataba wa Juni 1873 na Sultani Barghash wa Unguja wa kukomesha biashara ya watumwa, na mchungaji William Salter Price kuanzisha makazi Kisauni mwaka 1874 na 1875. Katika kuruka huko wanaachwa watu ninaowaona kuwa waasisi wa kweli. Mwaka 1864, miaka kumi kabla ya Price, William Jones, Ishmael Semler na George David walitoka India na kufika Rabai. Watu wa pwani waliwaita Wabombay. Walijua Kiingereza, Kihindi na Kiswahili. Walijua kusoma na kuandika. Walikuwa na ufundi mikononi. Rebmann alikuwa akizeeka na macho yakimwishia, na jamii ndogo ya Rabai ilisimama kwa mabega yao. Price alipokuja, aliwakuta wenyeji wanaoijua nchi, akaleta wengine kutoka Nasik wapatao 150. Hao ndio waliowapokea mateka mamia kadhaa ambao manowari zilianza kuwashusha mwaka 1875, wakawafundisha kusoma na kujenga, wakawasuluhisha walipogombana. Ndoa nyingi za mwanzo za Frere Town ni za Wabombay na mateka hao. Anayetafuta mwasisi wa ukoo wake Kisauni aanzie hapo.

Wapo waandishi, wakiwafuata wamisionari wa wakati ule, wanaowachora Wabombay kama watu wa majivuno: wanadai mshahara, wanavaa suruali na viatu, hawataki kuitwa watumishi. Sioni haja ya kulijadili hilo kwa urefu. Fundi akidai ujira wake, hilo si jambo la kuelezwa kwa kuchunguza tabia yake. Msimamizi wa makazi mwanzoni mwa miaka ya 1880, Streeter, alichapa watu viboko hadi ikabidi uchunguzi ufanywe, na walalamikaji walikuwa na kila sababu ya kulalamika. Lakini kwa mtafiti wa nasaba barua hizi za manung'uniko ni hazina. Mmisionari anapofurahi huandika "watu wetu"; anapokasirika humtaja mtu kwa jina, mke wake, kazi yake na anakotaka kuhamia. Faili za misheni iliyoanzisha Frere Town zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, na ningemshauri yeyote anayezifungua aanze na ugomvi.

Tazama Jones. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimpa ushemasi, yeye na Semler, kisha akaondoka naye kwenda Buganda. Njiani askofu alimwacha na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia, na Oktoba mwaka huo akauawa Busoga. Jones ndiye aliyewarudisha watu walionusurika hadi Rabai mapema mwaka 1886, chini ya bendera aliyoishonea neno la Kiebrania la kuomboleza utukufu ulioondoka. Alikuwa ameandika shajara safarini, na mwandishi wa maisha ya Hannington akaitumia. Kwa hiyo tunazo siku za mtu aliyewahi kuwa bidhaa sokoni, zilizoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, lakini zimewekwa ndani ya kitabu cha mtu mwingine. Kama ukoo wowote wa pwani ungekuwa na hati kama hiyo ya babu yao, ungeitundika ukutani.

Sasa nije kwa James Juma Mbotela, mwana wa mateka aliyekombolewa, na kitabu chake *Uhuru wa Watumwa*, kilichotoka mwaka 1934. Wahakiki wengi wamekihukumu vikali: Mwarabu ndani yake ni mwovu, Mwingereza ni mkombozi, na kitabu kimesomeshwa shuleni kama shukrani kwa mkoloni. Sehemu ya hukumu hiyo ni ya haki. Kilichapishwa na mchapishaji wa Kikristo wa London, katika enzi ambayo kitabu cha Mwafrika kilipitia mikono ya misheni kabla ya kumfikia msomaji, na simtarajii mwandishi wa wakati huo aitaje Uingereza kwa sauti nyingine. Lakini wahakiki wamekisoma kama riwaya ya kisiasa, nami nakisoma kama kile kinachojitangaza kuwa: mtoto anaandika alichosikia kwa baba yake. Njaa ya safarini, watu waliobanana jahazini, hofu kwamba wazungu watakula nyama yao, haya si mambo aliyoyatunga mwalimu wa misheni. Ni masimulizi ya barazani, na masimulizi ya barazani yanapimwa kwa kuyalinganisha. Nyenzo ya kulinganishia ipo. Joseph Harris, mwanahistoria Mmarekani mweusi, alimhoji Mbotela uzeeni, na kumbukumbu hizo zikachapishwa Nairobi mwaka 1977. Kijitabu hicho hakisomwi, nacho ndicho kingepaswa kuwekwa kando ya kile cha 1934 kila mjadala huu unapoibuka.

Kuna nyaraka nyingine ambazo koo hazijazigusa. Mwaka 1888 watoro wengi walikutwa wamejificha Rabai na kwenye makazi mengine ya misheni, na mabwana zao wakadai warudishwe. Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiitawala pwani alilipa fidia, na siku ya kwanza ya mwaka 1889 hati za uhuru zikagawiwa kwa watu wapatao 1,400. Familia za Rabai zinazojiita za Wanyasa zingefaa kuanzia hapo, si kwa Livingstone. Vipimo vya vinasaba vinavyouzwa siku hizi havitawafaa sana. Vitawaambia kwamba damu yao inatoka kusini mwa Afrika Mashariki, jambo ambalo bibi yao aliwaambia bure.

Kwa bibi ndiko ningeanzia. Mambo ninayokosa kabisa katika karatasi zote hizi ni ya wanawake: wake za Jones, Semler na David waliovuka bahari nao, wasichana walioshushwa Kisauni wakaozwa ndani ya miezi michache. Karatasi ziliwataja kwa waume zao. Lakini nyumbani wajukuu hupewa majina ya bibi zao, na jina lisilotoka kwenye Biblia, wala Kiarabu, wala Kigiriama, likirudi kizazi baada ya kizazi bila mtu kujua maana yake, huenda ndilo jina la mwanamke aliyeshuka kutoka jahazini. Muulize mkongwe wa nyumba alikolipata. Andika jibu lake neno kwa neno, hata kama halieleweki.

Mbotela lilikuwa jina la baba, jina alilokuja nalo kutoka bara. Mtoto alibatizwa James, akaitwa Juma, na alipotakiwa kuandika jina la ukoo aliliandika la baba yake. Wellington alikuwa na Chengwimbe moyoni zaidi ya nusu karne kabla mtu hajamuuliza.