Jinai na Usalama katika Kaunti ya Lamu, kwa Kuutazama Mji wa Kizingitini

Kizingitini ni mji wa wavuvi ulio kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Pate, katika Kaunti ya Lamu, nchini Kenya. Makala haya yaeleza hali ya jinai na amani ya kaunti hiyo kama ionekanavyo kutoka mji huo, kwa sababu Lamu ni kaunti moja kwa sheria lakini ni mahali pawili kwa maisha: kuna visiwa vyenye miji iliyobanana, ambamo watu hujuana kwa nasaba, na kuna bara yenye mashamba, malisho na misitu, ambamo kijiji hutengana na kijiji kwa mwendo mrefu wa njia tupu. Jinai nzito zilizoitangaza Lamu ulimwenguni zilitendeka aghalabu huko bara na katika pwani iliyo jirani na mpaka wa Somalia. Walakini taathira yake ilivuka maji, ikawafikia watu wa visiwani ambao hawakuzitenda jinai hizo wala hawakuzishuhudia, ikawakuta katika vyombo vyao na riziki yao.

Mahali na watu

Kaunti ya Lamu ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 6,200, na kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa na wakaazi 143,920. Katika hao, 121,662 walihesabiwa Lamu Magharibi, yenye mji wa Amu (yaani Lamu mjini), Mokowe, Hindi, Mpeketoni na Witu, na 22,258 tu wakahesabiwa Lamu Mashariki, yenye kisiwa cha Pate, Ndau, Kiwayu na pwani ya Kiunga hadi Ishakani. Makao ya serikali ya Lamu Mashariki yako Faza, mji ambao wenyewe huuita Rasini, nao ni jirani wa Kizingitini pamoja na Mbwajumwali, Tchundwa na Myabogi. Wakaazi wa miji hii aghalabu ni Wabajuni, wasemao Kitikuu, na kazi yao kubwa ni bahari: samaki wa jarife na mishipi, na kamba wa miambani, ambao mzamiaji hodari huwatoa pangoni kwa kuwaonyesha pweza, adui yao, nao hukurupuka wenyewe wakaingia mkononi.

Safari ya kutoka Amu kwenda Kizingitini ni ya maji, na njia yake ni mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao hupitika vyema bamvua likijaa na kuwa na shida maji yakipwa. Jambo hili dogo lina maana kubwa katika habari ya usalama, kwa kuwa chombo cha askari, kama kile cha abiria, mgonjwa au shahidi aitwaye mahakamani, hakina budi kuyatazama maji kwanza. Na katika miezi ya kusi, bahari inapochafuka nje ya miamba, ajali ya chombo huwa ni hatari iliyo karibu zaidi na mtu wa Kizingitini kuliko mwizi au jambazi.

Asili ya hofu

Kabla ya uhuru watu wa Pate walikuwa na desturi ya kuvuka kwenda bara kulima, wakakaa huko msimu mzima wakilinda mazao yao na nguruwe na nyani, kisha wakarejea visiwani na mavuno. Vita vya mashifta, yaani waasi wa kaskazini-mashariki, vilivyopiganwa tangu 1963 hadi 1967, ndivyo vilivyoikata desturi hiyo. Vijiji vya Wabajuni vilivyokuwa bara na katika pwani ya kaskazini vilihamwa kwa hofu ya mashifta na kwa shida za operesheni za serikali pamoja. Wengine wakakimbilia Pate na Amu, wengine wakafika Malindi na Mombasa, na wengi hawakurejea tena. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali na askari wasishtakiwe kwa matendo yaliyofanywa kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Kwa hiyo aliyedhulumiwa na mwenye silaha ya serikali katika miaka ile hakuwa na mlango wa mahakama wa kubisha.

Kuanzia miaka ya 1970 serikali iliwagawia mashamba huko bara watu waliotoka sehemu nyingine za Kenya, katika mpango wa makaazi wa Ziwa Kenyatta, na mji wa Mpeketoni ukakua. Walowezi hao wakalima kwa bidii na kuijaza Lamu chakula, lakini wale waliokuwa wamehamishwa waliona ardhi yao ya kale ikipimwa na kuandikwa majina ya wengine. Hapo ndipo mgogoro wa ardhi ulipopata kina chake, na hata leo kesi ya mpaka wa shamba huweza kubeba uchungu wa miaka sitini.

Hesabu na upungufu wake

Kiwango cha jinai kwa kawaida hupimwa kwa kuhesabu makosa yaliyoripotiwa polisi kwa kila watu 100,000. Kipimo hiki hufaa katika jiji kubwa. Katika kaunti kama Lamu hupotosha kwa njia mbili. Ya kwanza ni uchache wa watu. Mauaji ya mtu mmoja tu katika Lamu Mashariki yangekifanya kiwango cha mwaka huo kuwa takriban 4.5 kwa kila watu 100,000, ambacho ni karibu sawa na kiwango cha nchi nzima katika miaka ya karibuni. Na mwaka ambao haukutokea mauaji hata mamoja kingekuwa sufuri. Vivyo hivyo, mashambulizi ya Juni 2014, yaliyoua zaidi ya watu 60 kwa muda wa siku mbili katika kaunti ambayo hesabu ya mwaka 2009 iliikuta na wakaazi 101,539, yatosha peke yake kuionyesha Lamu kuwa ni mahali pa mauaji kupita miji mikubwa, hali mji wa Amu na miji ya Pate ilikuwa imelala salama.

Njia ya pili ni ukimya. Kosa huingia katika daftari pale tu anapokuwapo mtu wa kulipeleka, na mashtaka yanayohitaji nauli ya chombo, siku nzima ya kazi na pengine kulala ugenini, mara nyingi humalizwa mtaani. Wizi wa kuku na ugomvi wa vijana hupatanishwa na wazee, na huenda hapana ubaya. Lakini makosa ya kunajisi watoto na kuwapiga wanawake nayo hufunikwa kwa hoja ile ile ya kulinda heshima ya ukoo, na hapo suluhu huwa ni dhuluma ya pili. Kwa hiyo idadi ndogo ya kesi kutoka visiwani si dalili kamili ya amani.

Jinai za kila siku

Katika miji ya Pate milango mingi hushinda wazi, na mgeni aingiapo hujulikana kabla hajafika msikitini. Ujambazi wa silaha mitaani ni nadra. Wizi unaouma ni ule wa vyombo vya kazi: mashine ya mashua iliyofunguliwa usiku, au nyavu zilizokatwa na kupakuliwa zikiwa bado baharini. Mwenye chombo aibiwapo mashine hapotezi yeye peke yake, kwani mabaharia wake wote hukaa ufukweni, na yule aliyekuwa akidaiwa na tajiri wa samaki huzidi kudaiwa.

Dawa za kulevya ndizo zinazolaumiwa zaidi kwa wizi wa siku hizi. Heroini, ambayo vijana huiita unga, imeenea katika pwani ya Kenya, na Amu haikusalimika. Bangi ni ya zamani zaidi. Kuna pia makosa ya bahari yenyewe: kutumia juya na bunduki ya mshale, vifaa vilivyokatazwa na serikali, au kuwinda kasa katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyoanzishwa mwaka 1979. Huko bara jinai huvaa sura nyingine, nayo ni wizi wa ng'ombe, ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya maji na malisho, na unyakuzi wa ardhi. Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za umiliki wa takriban ekari 500,000 za ardhi ya Lamu, akisema zilipatikana kwa njia zisizo halali.

Hujuma za 2011 na baadaye

Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia hoteli moja ya kitalii huko Kiwayu, wakamuua mgeni mmoja na kumteka mkewe. Wiki kadhaa baadaye, 1 Oktoba, mwanamke mwingine wa kigeni alitekwa katika kisiwa cha Manda, naye akafia mikononi mwa watekaji. Mwezi huo huo jeshi la Kenya liliingia Somalia kupigana na kundi la wapiganaji la Al-Shabaab. Utalii wa Lamu ukaanguka, na pwani ya kaskazini ikawa medani.

Tarehe 15 na 16 Juni 2014 Mpeketoni na vijiji jirani vilishambuliwa, na mwezi Julai zikafuata Hindi na Gamba. Al-Shabaab ilidai kuhusika, ingawa viongozi wa serikali kwanza waliielekeza lawama kwenye siasa na ukabila. Serikali ilianzisha operesheni katika msitu wa Boni mwaka 2015, ikiitwa Linda Boni, na Waboni, ambao ni wachache nao hutegemea msitu kwa asali na dawa, wakajikuta wamezungukwa. Mwaka 2017 palishambuliwa Pandanguo na Jima; mwaka huo huo Katibu wa Wizara Mariam El Maawy alitekwa karibu na Milihoi, akaokolewa akiwa na majeraha, kisha akafa. Tarehe 5 Januari 2020 kambi ya kijeshi ya Manda Bay ilivamiwa, wakauawa Wamarekani watatu. Januari 2022 damu ilimwagika katika kijiji cha Widho, na Juni 2023 katika vijiji vya Juhudi na Salama.

Ukizipanga hujuma hizo juu ya ramani, utaona kuwa hazikuangukia mitaa ya Kizingitini, Faza wala Siyu. Aghalabu zilifuata barabara ya Lamu hadi Garsen, ukingo wa msitu, na njia za mpakani.

Marufuku ya usiku

Lakini amri za usalama hazikutenganisha mahali na mahali. Baada ya utekaji wa 2011 na mashambulizi ya 2014, uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku katika maji ya Lamu kwa miaka kadhaa, kwa hoja kwamba maadui waweza kujichanganya na wavuvi. Ili kuifahamu amri hii ni lazima kuijua kazi yenyewe. Jarife hutegwa jua likikaribia kuchwa na kuopolewa alfajiri, kwa kuwa samaki mkubwa hutembea gizani na wavu hauonekani. Na nakhodha hupanga safari yake kwa mwezi na bamvua, wala si kwa saa za ofisi. Mvuvi aliyeamriwa kutoka asubuhi na kurejea kabla ya magharibi alibakiwa na maji ya karibu, mchana, na samaki wadogo. Wake na watoto hawakuuawa na mtu, na hakuna daftari la jinai lililoandika hasara yao, illa sufuria ilijua.

Tena mtu wa Kizingitini alipopanda basi kwenda Mombasa, aliteremshwa vizuizini akaulizwa kitambulisho, na Mbajuni, ambaye ana jamaa ng'ambo ya mpaka, aliulizwa zaidi ya wenziwe. Mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa taarifa juu ya mateso na kupotezwa kwa watu katika vita dhidi ya ugaidi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, katika kesi iliyohusu ujenzi wa bandari ya Lamu, iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na kwa hukumu hiyo riziki ya mvuvi ikatambuliwa kuwa ni haki. Katika miaka ya 2018 na 2019 marufuku ya usiku ililegezwa.

Ulinzi na hukumu

Kwa Katiba ya 2010 polisi ni chombo cha taifa, na gavana wa kaunti hana amri juu yao, ijapokuwa sheria ya 2011 humfanya mwenyekiti wa baraza la kaunti la kushauriana nao. Bahari ina askari wake mahususi tangu kuundwa kwa Huduma ya Walinzi wa Pwani mwaka 2018. Mitaani wako machifu na wazee wa Nyumba Kumi, yaani mpango wa majirani kulindana. Kadhi, ambaye mamlaka yake yamewekewa mpaka katika ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu kwa Waislamu, hahukumu jinai. Lakini apatapo kutatua ugomvi wa mirathi mapema, huzuia kosa ambalo lingefika polisi likiwa na damu. Kwenye bandari za samaki, kamati za wavuvi huandikisha vyombo na mabaharia, na orodha hiyo, iliyotungwa kwa ajili ya kuhifadhi samaki, ndiyo iliyokuja kuwasaidia wavuvi kuthibitisha kwa askari kwamba chombo fulani ni chao na watu wake wanajulikana.

Fauka ya jinai, upo moto. Nyumba za makuti zilizosongamana hushika kwa cheche moja, na mwaka 2009 sehemu kubwa ya mji wa Faza iliteketea, maelfu ya watu wakabaki bila makaazi.

Hali ya sasa

Barabara ya Lamu hadi Garsen imetiwa lami, na gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021. Mambo haya yamefupisha safari na kuongeza doria, ingawa sehemu za bara zilizo karibu na msitu bado huogopwa. Amri ya kutotembea usiku iliyotolewa Januari 2022 ilitajwa kwa maeneo maalumu, yakiwemo Mpeketoni, Hindi, Witu na Mkunumbi, wala haikuifunga kaunti nzima, na hiyo ni dalili kwamba serikali nayo ilianza kupambanua mahali na mahali. Amma Kizingitini, vyombo vimerejea kutega jioni. Lakini mashamba ya bara waliyoyaacha wazee katika miaka ya 1960 yamemezwa na pori, na wengi wa wajukuu wao wanayajua kwa majina tu.